Bakanja wa Kizuka Alivyokufa Kabla ya Zamu Yake

Ukitaka kujua mtu anajionaje, usimuulize. Mwache achague nafasi yake katika mchezo wa kanisani. Hapa Kizuka sijawahi kuona mtu aliyenyoosha mkono awe Yuda. Petro hupata wanne, Bikira Maria huwafanya akina mama wasisalimiane mpaka Pasaka, na hata punda wa Krismasi ana wagombea, maana punda hupita mbele kabisa. Lakini Yuda hutafutwa kama mtu wa kuchimba choo.

Kwa hiyo Josias, katekista wetu, alipotangaza kwamba mwaka ule tungeigiza maisha ya Mwenye Heri Isidori Bakanja, msimamizi wa shirika letu, na kabla hajafunga mdomo Mzee Venanti akasimama na kusema, "Bakanja ni mimi," hakuna aliyeshangaa. Tulikohoa tu.

Bakanja, kwa asiyemjua, alikuwa kijana wa Kongo, mfanyakazi kwenye shamba la Wazungu, zaidi ya miaka mia iliyopita. Shingoni alivaa skapulari, kile kitambaa kidogo cha Bikira Maria. Mzungu wa shamba akamwambia avue. Akakataa. Akapigwa kwa mjeledi wenye misumari mpaka mgongo ukawa kidonda kimoja, kidonda kikaoza, naye akakaa miezi analala kifudifudi na rozari mkononi. Alipoulizwa habari za yule aliyempiga, alisema akifika mbinguni atamuombea sana. Kisha akafa. Ndiyo hayo, hayahitaji chumvi.

Venanti sasa. Venanti ana mashine ya kukamua mawese, nyumba ya mabati ya rangi ya bluu, na tumbo linalofika kanisani kabla yake. Josias, masikini, ni mtu wa karatasi na haya. Alijaribu.

"Prezida, huyu Bakanja alikuwa kijana. Tena mwembamba."

"Si alipigwa?"

"Alipigwa."

"Mutu akipigwa anavimba. Endelea kusoma."

Tunamwita Prezida kwa sababu ndiye mkubwa wa shirika, yaani nyumba zote za mtaa wetu zinazosali pamoja. Usidhani ni cheo kidogo. Padri Jean Bosco ana vigango vingi na pikipiki moja, kwetu anafika mara chache kwa mwaka. Akifika, mtu anayetaka ndoa au anayetaka kubatiza mtoto, Padri hamuulizi mtu huyo, anamuuliza Prezida: hawa ni mfano mwema? Prezida akitikisa kichwa, basi, mpaka pikipiki irudi.

Na neno hilo, mfano mwema, Venanti alilipenda kuliko wali. Alilitia katika kila kitu. Ukichelewa sala, si mfano mwema. Ukicheka sana, si mfano mwema. Mimi niliwahi kuambiwa kwamba bibi wa umri wangu kukaa barazani akitafuna muwa si mfano mwema. Nikamwambia meno ni yangu mwenyewe na mengine yanaondoka, acha nitumie yaliyobaki.

Yeye mwenyewe kila mwisho wa mwezi alikwenda Kabonga kununua ndagala. Alilala huko usiku mmoja, pengine miwili, akarudi bila ndagala. Mkewe Speciosa, mwanamke mkubwa asiye na maneno mengi, alipoulizwa alisema tu, "Samaki wa Kabonga ni wagumu kuvua. Ana miaka anajaribu."

Turudi kwenye mchezo. Josias akauliza nani atakuwa Mzungu wa shamba, yule wa kumpiga Bakanja. Hapo niliona jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe: watu wakigombea ubaya. Wafanyakazi wote wa mashine ya Venanti walinyanyua mikono, wengine yote miwili. Abasi, mwendesha baiskeli ya mizigo, ambaye ni Mwislamu na alikuwa anapita tu nje, alisikia ni kazi gani, akaingiza mkono wake kupitia dirishani.

"Mimi pia niko tayari kusaidia kanisa!"

"Ondoa mkono huo," alisema Venanti. Akawatazama wote mmoja mmoja kama mtu anayechagua mbuzi, kisha akanyoosha kidole. "Lukeba."

Nilimwelewa. Venanti si mjinga, ni mbaya tu. Alijua kwamba mtu anayesubiri kitu kutoka kwako hatakupiga kwa nguvu.

Na kitu ambacho Lukeba alikisubiri, mtaa mzima ulikijua. Lukeba alivuka ziwa kutoka upande wa Fizi, Kongo, akiwa na nguo alizovaa tu. Akapata kazi kwenye mashine, akampata Naomie, binti wa hapa hapa, wakaanza kuishi pamoja kabla ya kanisa kama walivyoanza nusu ya watu wa Rumonge hii yetu. Baadaye wakataka kutengeneza mambo, wafunge ndoa, wabatize. Padri akauliza, Prezida akatikisa kichwa. Mwaka uliofuata, kichwa tena. Mtoto wao wa kwanza, Heri, akashikwa na malaria akafa bila kupata maji ya ubatizo. Venanti akasema shirika haliwezi kupeleka ngoma kwenye kaburi la nyumba isiyo mfano mwema. Tulikwenda wanawake watatu tukaimba bila ngoma, na mmoja wetu hajui sauti. Huyo asiyejua ni mimi.

Sasa wana Benita, msichana wa kuanza kukimbia. Naomie akisikia mtoto anakohoa kidogo tu, anatoka nje usiku anatazama barabara, kana kwamba Padri atapita.

Na kwa nini Venanti alikuwa anakataa? Usiniambie dhambi. Lukeba ndiye aliyejua mashine ile kuliko wote. Alifika wa kwanza na kutoka wa mwisho. Mtu anayesubiri neno lako, mama yangu, haugui, hachoki, haombi ruhusa. Neno likishatoka, unabaki na mfanyakazi wa kawaida.

Jioni ya siku ile Naomie alikuja kwangu. Hakuketi.

"Bibi Beatrisi, umesikia? Mume wangu ndiye Mzungu."

"Nimesikia. Unga wa muhogo upo, tutampaka."

"Usicheke, Bibi. Padri akija siku kuu, huyu mzee atasema tena hapana. Mimi nitafanya nini? Nimwendee na magoti? Nilishakwenda. Alisema magoti yangu yatachafua sakafu ya mashine."

Nilitafuna muwa wangu mpaka ukaisha. Nikamwambia aende alale.

Mimi nilikulia Ulyankulu, Tanzania. Wazazi wetu walikimbilia huko kutoka hapa mwaka wa sabini na mbili, na huko ndiko nilikosoma mpaka darasa la nne, ndiyo maana Kiswahili changu kina viatu. Tukirudi na kusema jambo la ukimbizini, watu wa hapa wanaliamini, maana waliokuwa nasi huko wengine wamekufa na wengine wamechukuliwa Canada. Hakuna wa kumuuliza.

Basi siku ya zoezi la kwanza nilisimama nikashukuru kwanza, "Murakoze, Josias. Mimi nakumbusha tu. Kule Ulyankulu, mtu akiigiza shahidi, haanzi siku ya mchezo. Anaanza siku ya zoezi la kwanza. Anaishi kama shahidi mpaka siku kuu. Na mtu yeyote akija kumuomba msamaha, haruhusiwi kukataa. Akikataa, mchezo unaharibika, na mwaka huo michikichi haizai."

Hiyo ya michikichi iliniponyoka. Lakini watu waliitikia kwa vichwa, na bibi mmoja wa nyuma akasema hata yeye aliisikia. Hakuwahi kufika Ulyankulu.

Venanti alitabasamu. Uso wake ulikuwa tayari uso wa picha ya ukutani. "Vizuri sana. Ni mfano mwema. Waje."

Wakaja.

Alianza jirani ambaye mbuzi wake walikula viazi vya Venanti. "Prezida, munisamehe." Venanti akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti nyembamba ambayo hatukuijua, "Nimekusamehe, ndugu yangu." Mbuzi wakarudi kesho yake, jirani naye akarudi. Akaja mama aliyekuwa amemtukana sokoni. Akaja mwingine ambaye hakuwa amemtukana bado, akamtukana kwanza palepale ili apate cha kuombea msamaha. Wafanyakazi wa mashine ndio walioelewa zaidi. Alfajiri mmoja akagonga mlango.

"Prezida, munisamehe. Kesho nitachelewa."

"Kesho? Bado hujachelewa!"

"Ndiyo. Lakini kesho sitakuwa na nafasi ya kuja kuomba."

Shavu la Venanti lilicheza, Speciosa aliniambia, lilicheza kama maji ya chungu. Lakini akasema: nimekusamehe, ndugu yangu. Alikuwa anafikiria siku kuu. Padri alikuwa ameahidi kwamba mwaka huo atachagua mtu mmoja wa kuwaongoza maprezida wa vigango vyote, na Venanti alikwisha kushona suti.

Lukeba peke yake ndiye hakupata. Alipofika nyumbani, Venanti alikuwa anaoga. Alipofika mashineni, Venanti alikuwa amekwenda Kabonga. Mara ya tatu akamkuta njiani, hana pa kukimbilia, na watu wengi wanapita. Mimi nilikuwa napita pia. Nilikuwa napita sana siku zile.

Lukeba akavua kofia. "Mzee, nimekuja kuomba musamaha. Mimi na Naomie…"

"Wewe ni nani katika mchezo?" Venanti alimkatiza.

"Mimi? Mimi ni Mzungu."

"Basi! Mzungu anaombaje musamaha na hajanipiga? Unataka kuharibu mchezo? Kwanza unipige. Ukishanipiga ndiyo utaomba. Mambo yafuate karatasi."

Akaondoka na tumbo lake, amejipenda kwa jibu lile. Usiku huohuo alimwita Josias na kumwambia aongeze kipande kipya: Mzungu anarudi, anapiga magoti mbele ya Bakanja anayekufa, anaomba msamaha, na Bakanja anamjibu maneno ya karatasi mbili.

"Lakini Prezida," alisema Josias, "kwenye maisha ya Bakanja hatusomi kwamba yule Mzungu alirudi kupiga magoti."

"Kwangu atarudi."

Mimi nilipewa nafasi ya bibi anayeuguza vidonda. Kazi yangu ilikuwa damu. Venanti alitaka damu iwe mawese ya mashine yake, watu waone rangi. Nikayajaribu. Mawese ya Venanti ni mepesi, sijui yamekutana na maji wapi. Ukiyapaka mgongoni yanakimbilia kiunoni kama mtu aliyeona polisi. Damu inatakiwa ishike. Nilikuwa na asali ya msitu wa Vyanda kwenye chupa, nikatia. Nikakoroga. Ikashika vizuri sana.

Agosti ni kiangazi, kila mdudu anatafuta cha kula. Mchezo ulikuwa ufanyike nje ya kigango, chini ya michikichi, na mkeka wa Bakanja uliwekwa pale ambapo sisimizi wadogo wekundu, wale wanaouma kuliko ukubwa wao, wana barabara yao. Mimi sikuuweka mkeka. Venanti mwenyewe ndiye aliyechagua mahali, kwa sababu palikuwa mbele ya kiti cha Padri.

Siku kuu ikafika. Misa ikaisha. Ratiba ilikuwa hivi: mchezo, kisha watoto wabatizwe, kisha chakula. Beseni la maji ya ubatizo lilikuwa tayari mezani, limefunikwa kitambaa cheupe, na watoto wa kubatizwa wamepangwa na mama zao kwenye mstari. Benita hakuwa kwenye mstari. Naomie alikaa naye pembeni na wanawake waliochota maji ya kupikia, amemvalisha gauni jeupe hata hivyo.

Venanti alitoka kifua wazi, skapulari mpya shingoni, gunia limefungwa kiunoni. Watoto walicheka mpaka mmoja akapelekwa nyumbani. Lukeba alitoka na kofia ya zamani ya Padri na uso mweupe wa unga wa muhogo.

"Vua hicho kitambaa!" Lukeba alisema.

"Sivui!" alijibu Venanti, akimtazama Padri.

Mjeledi ulikuwa wa maganda makavu ya mgomba, yanayolia sana na kuuma kidogo, kama mahubiri ya Prezida mwenyewe. Lukeba alipiga taratibu, kama mtu anayefukuza nzi kwenye mkate. Watu hawakuridhika.

"Ongeza! Huku nyuma hatujasikia!"

"Lukeba, ukichoka niite!" Hiyo ilikuwa sauti ya Abasi, juu ya baiskeli yake.

Bakanja akaanguka kwa utaratibu, kwanza goti, kisha kiwiko, kisha tumbo. Nikaingia na bakuli langu. Nikampaka mgongo wote, mikono, miguu, sikumnyima. Akaninong'oneza, "Inanata."

"Ni damu, Mzee. Vumilia."

Josias akasoma kwamba miezi ikapita. Sisimizi wa kwanza akapita pia, akanusa, akarudi kuwaita ndugu zake.

Mzungu akarudi. Akapiga magoti kama karatasi ilivyotaka. Lakini alivua kofia, akachukua ncha ya shati, akafuta unga usoni polepole mpaka tukamwona Lukeba. Kelele zikapungua zenyewe.

"Mzee Venanti," akasema, "uliniambia nikupige kwanza. Nimekupiga. Sasa naomba. Mimi na Naomie tulianza vibaya, nakubali mbele ya wote hawa. Unisamehe. Umwambie Padri neno moja tu, huyu Benita apate maji leo. Yule wa kwanza tulimuzika hivi hivi."

Venanti alifungua jicho moja. Akaniona mimi. Akamwona Padri, ameinama mbele kwenye kiti chake. Akaona shirika zima linangoja kinywa chake. Akikataa, Bakanja gani huyo? Akikubali, kesho asubuhi Lukeba ni mtu huru. Jicho lilikwenda kulia, likaja kushoto, halikupata mlango.

Basi akafa.

Akageuza macho juu, akatoa ulimi kidogo pembeni, akalegeza mkono mmoja, akafa.

"Prezida!" Josias alinong'ona kwa sauti iliyofika ziwani. "Bado! Bado iko maneno yako!"

"Bado!" watu wakaitikia. "Hujafa wewe!"

"Amekufa na karatasi mbili mudomoni!"

Nilimwinamia. "Mzee, umewahi."

"Nimekufa," alisema bila kusogeza midomo. "Niache."

Sasa, haki yake nitampa. Alijitahidi. Sisimizi walikuwa wamefika ukoo mzima, na kwa muda maiti haikusema kitu. Ilikunja kidole cha mguu tu. Kisha ikakunja mguu. Ngozi ya mgongo ikaanza kwenda yenyewe, kama ya ng'ombe aliyetuliwa na inzi. Nikafikiria Bakanja wa kweli, na mgongo wake, na miezi ile yote, na jinsi ambavyo hakumtukana mtu. Wetu alikuwa na sisimizi tu, na muda wa Salamu Maria tatu.

"Mama weeee!"

Maiti ikaruka. Sijaona mtu wa uzito ule akiwa juu vile. "Nani amefanya hivi? Mbwa nyinyi! Nitawafukuza wote! Kesho mutu asikanyage kwenye mashine yangu! Na wewe Lukeba, na hicho kitoto chako…" Maneno mengine siyaandiki, nina wajukuu wanaojua kusoma. Josias alikuwa anafunua karatasi mbele na nyuma, anatafuta mahali yalipoandikwa.

Venanti akajipiga mgongo, akajipiga mapaja, gunia likalegea, akalishika kwa mkono mmoja na kukimbilia meza yenye beseni. Padri Jean Bosco ni mwembamba lakini ana mwendo. Alifika kwanza, akaweka mkono juu ya kitambaa cheupe.

"Hapana, Mzee. Hayo ni ya watoto."

"Padri, ninaungua!"

"Naona. Lakini wewe ulishabatizwa."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nami nilicheka, nitasema uongo? Nilicheka huku bakuli liko mkononi. Wafanyakazi wake walikuwa wamekaa chini kabisa. Na katikati ya kicheko hicho nikaona Naomie amesimama. Amemweka Benita chini, amebeba bido ya maji ya kupikia, ile kubwa ya njano, anakuja.

Sikujua anataka nini. Nilidhani atampiga nayo.

Akamfikia Venanti, akainua bido, akammwagia maji kuanzia kichwani. Polepole, mpaka nusu. "Geuka, Mzee," akasema. "Mugongo wako bado." Venanti akageuka kama mtoto. Naomie akafungua kitenge chake cha juu, akamfuta mgongo, akawatoa sisimizi mmoja mmoja shingoni, wale waliong'ang'ania karibu na skapulari. Kisha akamaliza maji yaliyobaki.

Kicheko kilikufa kipande kipande. Wa mwisho kunyamaza alikuwa Abasi.

Padri akasema, bila kupandisha sauti, "Mzee Venanti, yule mtu bado amepiga magoti."

Venanti alikuwa anatokwa na maji puani. Alimtazama Lukeba, akatazama chini. "Nimesamehe," akasema.

"Huku nyuma hatujasikia!"

"NIMESAMEHE! Padri, ni watu wazuri. Ni… ni mfano mwema. Abatizwe."

Naomie alikuwa anakamua kitenge chake. Hakuinua kichwa. "Murakoze, Mzee," alisema. "Na mimi nakusamehe. Ile ya Heri."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Nimeishi na mdomo huu miaka mingi na sikumbuki kuumeza mzaha, ule niliumeza.

Kisha tukasikia ngoma. Speciosa, mkewe, alikuwa amekwenda kwenye ngoma ya shirika, ameketi, anapiga. Akaanza ule wimbo tunaoimba tukipeleka mtoto kaburini. Sauti yake ni kubwa kama yeye. Wimbo wa kuzika siku ya kubatiza, Josias aliutafuta kwenye ratiba hakuuona, akaacha kutafuta, akaimba. Tuliimba wote mpaka mwisho, kwa ngoma. Lukeba alibaki palepale chini na uso wake nusu unga.

Baada ya hapo Benita akapelekwa kwenye mstari. Padri alipouliza jina la ubatizo, Lukeba akasema Isidora. Maji yalipomgusa alipiga kelele kama Venanti, akampiga Padri teke la kidevu. Mama yake wa ubatizo ni mimi. Ndoa wakafunga pikipiki iliporudi, na Lukeba siku hizi anatoka mashineni jua likiwa bado juu, na akiumwa, anaumwa.

Usidhani Venanti aligeuka. Watu wazito hawageuki upesi. Wakati wa chakula alikuwa amevaa ile suti, anajikuna chini ya kola, anawaeleza wageni wa vigango vingine kwamba mambo yote yalipangwa, kwamba yeye na Naomie walifanya zoezi la maji kwa siri ili kufundisha watu umuhimu wa mfano mwema. Padri alikula ndagala zake akitikisa kichwa taratibu. Mkubwa wa maprezida alichaguliwa mwingine, mtu wa Nyanza-Lac asiyejua kuigiza chochote. Na mwisho wa mwezi Speciosa alipoona mumewe anatafuta kofia ya safari ya Kabonga, alimwambia wataenda pamoja, naye anapenda ndagala. Tangu hapo Venanti hajaenda tena.

Niliyoyaona ya kunikalia moyoni ni haya. Watoto wa mtaa hucheza mchezo ule mpaka leo, pale pale chini ya michikichi. Bakanja hawampati, wote wanataka kuwa sisimizi. Inabidi mmoja alazimishwe alale chini awe Venanti, na wengine wanamrukia, yeye anaruka anatukana, na kila mmoja anayajua matusi yote, hakuna hata moja lililosahauliwa. Mtu mzima akikosea mbele ya mtoto, amesomesha bure.

Lakini kila mara, wakishachoka kumuuma, Benita hutoka pembeni na kopo lake la maji. Hakuna aliyemwambia. Anamwambia aliyelala, geuka, mugongo wako bado. Na huyo hugeuka.

Wa kuleta asali bado hawana. Wananiuliza sisimizi walitoka wapi wengi vile siku moja, nami nawaambia, kiangazi.